Mpeleke Mzee Hyrax Hill

Hebu nikuulize swali kabla hatujaanza. Mara ya mwisho wewe na mzazi wako mlienda mahali pamoja, mahali ambapo si matangani, si harusini, si hospitalini wala kanisani, ilikuwa lini?

Chukua muda wako. Mimi nilipojiuliza nilirudi nyuma hadi nikafika maonyesho ya kilimo mjini Nakuru, nikiwa darasa la tatu, nimebebwa mabegani nisipotee kwenye umati. Baada ya hapo, zii. Mzazi wangu tunakutana jikoni. Tunakutana taarifa ya habari ya saa moja ikianza. Tunapishana mlangoni. Kwenda mahali, tukae, tutazame kitu kisicho na faida yoyote, hapana.

Basi stori ya leo ni ya siku niliyompeleka baba yangu makumbusho. Usikimbie. Najua neno "makumbusho" linakukumbusha basi la shule, foleni, na mwalimu akipiga kelele musiguse. Vumilia kidogo. Kuna pesa ndani ya hii stori, kuna uongo, na kuna ng'ombe wawili.

Mtu wa mabango

Baba yangu ni mchoraji wa mabango. Niseme ni, ama niseme alikuwa? Shida yenyewe ndiyo hiyo.

Kama umekulia Bahati, Maili Sita, Maili Kumi, Kabazi ama upande wa Dundori, kuna uwezekano mkubwa umewahi kusoma mkono wake bila kujua. Kinyozi, bucha, hoteli, duka la dawa za mifugo, kinu cha kusaga unga. Alikuwa anatembea na mkoba wa brashi, mikebe ya rangi ya mafuta, chupa ya tapentaini na kipande cha chaki. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa anasimama mbele ya ukuta, anauangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa, halafu anachora herufi ya katikati kwanza. Sikujua kwa nini anaanza katikati. Sikuwahi kumuuliza.

Kuna bucha moja barabara ya Nyahururu aliyoichorea ng'ombe anayetabasamu. Huyo ndiye ng'ombe wa kwanza kati ya wale wawili. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Baba, kwa nini ng'ombe wa bucha anacheka na anaenda kuchinjwa?" Akanijibu, "Mami, wewe ungenunua nyama ya ng'ombe anayelia?"

Ndiyo, ananiita Mami. Mimi ndiye kifungua mimba, nimebeba jina la mama yake, na kwetu hilo halina mjadala: mtoto ukipewa jina la nyanya, unakuwa mama wa baba yako. Ni cheo kikubwa. Kina heshima, na kina aibu yake ukikosea.

Mwaka wake mkubwa ulikuwa 2004. Kama ulikuwa hujazaliwa, waulize wakubwa wako kuhusu sheria za Michuki. John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi, na kuanzia Februari mwaka huo kila matatu nchini ilitakiwa iwe na mikanda, kidhibiti mwendo, dereva na kondakta wenye sare, na mstari wa manjano ubavuni. Hebu fikiria. Kila matatu. Mstari. Wa manjano. Na anayejua kuvuta mstari ulionyooka kwenye bati ni nani? Mama husema mwezi ule Baba alikuwa anarudi nyumbani usiku na kucha za manjano, analala saa nne, anarudi tena. Mabati ya nyumba yetu yalinunuliwa na ule mstari.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria zilezile ndizo zilizofuta michoro mingi iliyokuwa kwenye magari. Yaani ilimpa Baba kazi ya miezi miwili kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikachukua kazi ya miaka. Miaka kama kumi hivi ilipita kabla ya Rais Uhuru Kenyatta kusimama hadharani kuwatetea vijana wanaopamba matatu. Leo zimerudi kwa fujo, na sisi tunaweka video zao kwenye simu na kusema utamaduni wetu. Lakini zikirudi, mambo yalikuwa yamebadilika. Stika. Baneri. Unatuma picha kwa simu usiku, asubuhi bango limechapishwa, limekunjwa, limebebwa chini ya kwapa. Baba alishuka kutoka mabango manne kwa wiki hadi moja kwa mwezi, halafu hata hiyo moja ikawa ya watu wa kanisa, ya kujitolea. Brashi zikaingia kwenye mkebe, mkebe ukaingia chini ya kitanda.

Makataa ya Ijumaa

Sasa upande wangu. Nitasema haraka kwa sababu unaniumiza.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhasibu. Sitataja chuo kwa sababu hakikunikosea chochote; mimi ndiye niliyekuwa nakaa nyuma ya darasa nikiandika stori za mtaa badala ya kusawazisha vitabu. Nilipofika muhula ule wa mwisho nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba sirudi. Lakini nilimpigia Baba simu na kumwambia karo inahitajika, na makataa ni Ijumaa.

Akauza ndama. Ndiye ng'ombe wa pili. Akanitumia shilingi 41,000.

Nikanunua kompyuta ya mitumba mjini kwa 28,000. Zilizobaki zikaisha kwa kodi ya keja na bando. Kwa miezi minne alikuwa ananipigia, "Masomo iko sawa?" na mimi namjibu, "Iko sawa kabisa, Baba," nikiwa nimelala kitandani saa tano asubuhi. Alikuja kujua kupitia jirani ambaye kijana wake tulikuwa darasa moja.

Hakugomba. Alisema tu, "Sawa, Mami." Halafu akaacha kuniuliza maswali. Kama umelelewa na mzazi Mkenya unajua: akikugombeza, bado kuna matumaini. Akinyamaza, jikaze. Pesa za keja ziliponishinda nilirudi nyumbani Bahati, na kwa mwaka mmoja na nusu tuliishi kwa salamu na hali ya hewa.

Siku ile niliyotaka kwenda Hyrax Hill sikuwa nimepanga kumpeleka mtu. Nilikuwa nataka kuandika kuhusu Nakuru na sanaa. Unajua ama hujui, Novemba 2021 UNESCO iliingiza Nakuru kwenye Mtandao wake wa Miji Bunifu, kwa upande wa ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba, tukakabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ya jiji tulisherehekea hadi honi zikakauka. Ya sanaa, uliza watu kumi pale stendi uone wangapi wanaijua.

Nilipokuwa navaa viatu Mama akaniita kando. "Enda na baba yako. Ameketi hapo tangu Krismasi." Halafu, bila kungoja jibu, akafunga nduma kwenye karatasi na kujaza chai kwenye chupa. Mama akishafunga nduma, mjadala umeisha.

Kilima cha pimbi

Kufika si noma. Ukitokea Bahati unashuka na matatu hadi mjini, halafu unachukua za kuelekea Lanet kwenye barabara kuu ya Nairobi, na kabla hujakaa vizuri umefika. Ni kama kilomita nne tu kutoka katikati ya jiji. Unalipia kiingilio kwa simu kupitia eCitizen, na Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni. Angalia bei mapema usije ukaaibika langoni mbele ya mzee.

"Hyrax" ni pimbi, yule mnyama mdogo mnene anayependa kuota jua kwenye mawe. Kilima kilipewa jina lake. Watu wamepita hapo tangu enzi za mawe, na wengine wakaishi, wakafuga na kuzika wafu wao. Mwaka 1937 mtafiti Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akapata makaburi na vyombo vya mawe. Kuna mashimo makubwa kwenye nyasi yanayoitwa mashimo ya Sirikwa, ambayo watafiti wanasema yalikuwa mazizi ya mifugo. Jengo la makumbusho lenyewe lilikuwa nyumba ya shambani ya mlowezi. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 1965. Ni dogo. Kama unatarajia ghorofa na lifti utavunjika moyo. Ni nyumba, na unaingia kama mgeni wa nyumba.

Tulipoingia nilifanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Nilianza kumfundisha. "Baba, hii ni ya enzi za mawe. Baba, soma hapa. Baba, simama hapo nikupige picha." Nilikuwa na simu mkononi kama mtalii wa kukodiwa. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwa chifu na hajui anaitiwa nini. Vyumba viwili vilipita hivyo. Nikaanza kupiga hesabu za nauli niliyopoteza.

Kilichotuokoa kipo nje, juu ya jiwe.

Mtu wa makumbusho alitupeleka kwenye njia inayopanda kilimani, akatuonyesha bao. Si bao la mbao. Ni vishimo vilivyochongwa kwenye mwamba wenyewe, mstari juu ya mstari, vya watu waliokaa hapo zamani wakicheza. Mimi nikapiga picha tatu, nikageuka kuondoka. Nikaona niko peke yangu.

Baba alikuwa amechuchumaa.

"Hii ni giuthi," akasema, akitumia jina la kwetu la mchezo huo. Akamwomba yule bwana ruhusa ya kugusa. Akaingiza kidole gumba kwenye shimo la kwanza, la pili, la tatu, polepole, akahesabu. Akalala kwa ubavu kwenye jiwe, mzee mzima na koti lake la Jumapili, akafumba jicho moja na kuangalia mstari kama anavyofanya fundi na ubao.

"Hawa hawakuwa na uzi wa kupigia mstari," akasema. "Na wamenyoosha."

Yule bwana wa makumbusho akamuuliza kama yeye ni fundi wa mawe.

"Hapana. Mimi ni mchoraji wa mabango."

Alisema "ni".

Halafu akaanza kueleza. Kwamba ukianza upande wa kushoto na kwenda kulia bila kupima, nafasi itakuishia, shimo la mwisho litabanana. Kwamba yeye angeweka mawili ya mwisho kwanza, kisha agawanye katikati. Kwamba kwenye neno, unatafuta herufi ya katikati, unaiweka, halafu unajenga kwenda pande zote mbili, ndipo bango likae sawa. Miaka ishirini na zaidi nikimwona akianzia katikati, na ndiyo siku niliyojua kwa nini. Yule bwana akamuuliza swali lingine. Baba akajibu. Wakaenda hivyo karibu nusu saa, wakibishana kama jiwe lilichimbwa kwa kupondwa ama kwa kusuguliwa, na mimi nikiwa nimesimama kando na simu yangu kama mtoto aliyeletwa na watu wazima.

Tuliporudi ndani ya nyumba ile, kwenye vyumba vilevile, alikuwa mtu mwingine. Sasa anasimama kwa kila kitu. Chombo cha mbao kimekatwa kutoka mti upi. Pambo hili limechomwa kwa chuma ama limekwaruzwa. Hii rangi wameitoa wapi. Alikuwa haangalii vitu vya kale. Alikuwa anaangalia kazi za watu.

Nduma juu ya mwamba

Tulipanda hadi juu kula. Upande mmoja unaona Ziwa Nakuru, ambalo kwa miaka kadhaa sasa limekuwa likijaa hadi likameza lango kuu la zamani la mbuga. Zamani za kale kabisa lilikuwa kubwa zaidi ya hivi na maji yake yalifika hadi kwenye miguu ya kilima hiki tulichokalia. Upande wa nyuma ni Menengai, na nyuma yake nyumbani.

Baba akamenya nduma. Akanipa kipande. Akauliza, bila kuniangalia:

"Ile kompyuta bado inafanya kazi?"

Mwaka mmoja na nusu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliitaja.

"Inafanya."

"Inakulipa?"

"Kidogo. Si kila mwezi."

Akatafuna. Upepo wa pale juu ni baridi, chai ilikuwa inapoa kwa haraka.

"Yule ndama," akasema, "kama angengoja miezi mitatu angeleta elfu kumi zaidi. Nilimtoa kwa bei ya kukimbizwa. Uliniambia makataa ni Ijumaa." Akageuka sasa, akaniangalia. "Makataa ya nini, Mami?"

Msomaji, nimeandika makala mengi ya kujifanya mjanja. Pale sikuwa na neno. Ningeweza kumwambia kuhusu ndoto zangu, kwamba chuo si cha kila mtu, yale maneno yote tunayoandikiana mitandaoni tukipongezana. Hayo yanaweza hata kuwa kweli. Lakini hakuniuliza kuhusu ndoto. Aliniuliza kuhusu Ijumaa.

"Hakukuwa na makataa," nikamwambia. "Nilikudanganya. Nitalipa."

"Najua utalipa. Lini?"

Tukapatana papo hapo. Shilingi 2,000 kila mwezi, kuanzia mwezi unaofuata. Kwa 41,000 ni miezi ishirini na mmoja, na ule wa mwisho utakuwa nusu. Unaona? Uhasibu haukupotea wote. Zile elfu kumi za ndama hakuzidai. Mimi ndiye ninayezihesabu.

Halafu akamimina chai iliyobaki, akaigawa sawasawa vikombe viwili, na tukashuka.

Nani alisema bango si sanaa?

Jioni hiyo nilimwonyesha Baba vitu kwenye hiyohiyo kompyuta ya ndama. Nikamwonyesha Chéri Samba wa Kongo, ambaye alianza miaka ya 1970 akichora mabango ya biashara mjini Kinshasa, akafungua karakana yake, na mwaka 1989 picha zake zikatundikwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya Centre Pompidou. Nikamwonyesha Joseph Bertiers wa hapa kwetu Kenya, ambaye naye alianza kwa kuandika mabango kabla picha zake zilizojaa watu na vituko hazijavuka mipaka. Nikamwonyesha Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao laini kwa rangi ya baiskeli.

Kwa Tingatinga Baba alisogeza kiti. "Rangi ya baiskeli? Hiyo ni rangi ya mafuta. Ndiyo hii yangu." Akaenda chumbani, nikasikia mkebe ukivutwa chini ya kitanda.

Nakuambia haya kwa sababu nyumbani kwenu kuna mtu kama huyu. Sisi vijana wa mjini tunajua kulipia kuona sanaa kama imetundikwa ukutani na ina taa. Lakini shosho anayesuka kiondo na kujua kwa vidole wapi pa kubadilisha rangi, mjomba anayechonga mipini, mamako aliyefuma vitambaa vya viti vya sebule nzima na wewe unaona aibu wageni wakija, hao tunasema "wanajishughulisha". UNESCO haikuipa Nakuru jina lile kwa sababu ya majengo. Iliitoa kwa ufundi wa mikono, na mikono hiyo ina wenyewe.

Ukitaka kwenda

Kwa hivyo mpeleke. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, lipa wewe. Hata kama unadaiwa, hasa kama unadaiwa. Nauli na kiingilio viwe vyako. Mzee akitoa mkono mfukoni, mwambie umeshamaliza.

Pili, nenda siku ya kazi asubuhi, isiyo na mabasi ya shule. Tembea kwa mwendo wake. Goti la miaka sitini halipandi kilima kama lako. Akikaa, kaa.

Tatu, usimfundishe. Muulize. Swali zuri kuliko yote ni hili: "Hiki unadhani kilitengenezwaje?" Usimuulize kama kinampendeza. Mzazi aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote hana jibu la "kinapendeza?", lakini kwa "kilitengenezwaje?" atakujibu hadi jua lizame.

Nne, weka simu mfukoni. Nilikuwa nimekwenda kutafuta picha. Ile ambayo ningependa kuwa nayo, ya Baba amelala ubavu kwenye jiwe na jicho moja limefumbwa, sikuipiga.

Tano, bebeni chakula, mkae mahali penye upepo. Kuna maneno hayawezi kusemwa sebuleni mbele ya runinga.

Na kama huko Nakuru ni mbali, tafuta karibu nawe. Mombasa una Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na ndani yake kuna michoro ya merabu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo. Hao hawakuwa wasanii wa kusifiwa. Walikuwa watu wa kazi, wana ukuta mbele yao na nyumbani ni mbali. Kisumu kuna makumbusho yaliyofunguliwa 1980, na boma la Kijaluo limejengwa humo uwanjani. Nairobi kuna Nairobi Gallery, yenye vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya na mpenzi mkubwa wa sanaa, na kuna taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020. Mchukue mzazi, mchukue shosho, mchukue yule kakako mkubwa ambaye hamsemezani. Huhitaji kujua chochote kuhusu sanaa.

Bango halisomwi na aliyesimama

Kabla sijatuma makala haya, Baba aliomba kuyaona. Hajawahi kuomba kusoma kitu changu. Akavaa miwani, akafika kwenye kichwa, akasimama hapo.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa hiki: "Jinsi Sanaa ya Kale ya Hyrax Hill Inavyoweza Kuwaunganisha Vijana na Wazazi Katika Zama za Kidijitali."

Akahesabu kwa kidole. "Maneno kumi na sita. Hii ingemaliza debe zima la rangi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mami, bango halisomwi na mtu aliyesimama. Linasomwa na mtu anayepita, na gari linakimbia. Unataka afanye nini?"

"Ampeleke mzee wake Hyrax Hill."

"Basi andika hivyo."

Nimeandika hivyo.

Kuhusu deni, liko jikoni. Siku iliyofuata ile ya kilimani Baba alichukua kipande cha ubao, akakipaka rangi nyeupe, akakipigilia nyuma ya mlango, na kwa herufi zake zile zilizokaa sawa akaandika kwa rangi ya mafuta nyekundu: 41,000. Nikilipa, anachovya kitambaa kwenye tapentaini, anafuta, anasubiri ikauke, anaanza na tarakimu ya katikati. Inamchukua asubuhi nzima. Mama amemwambia mara kadhaa atumie chaki, ni rahisi kufuta, na nyumba haitanuka.

Amekataa. Kufikia leo limesoma 35,000, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi ameliona, akauliza nani amemwandikia, na kama anaweza kumfanyia la duka lake.

Ameshaanza. Yuko nje sasa ninapoandika, anatafuta herufi ya katikati.